Siku Tuliyoshindana Kuchelewa

Nilianza kuchechemea kabla hatujaanza kupanda. Jua lilikuwa halijatoka sawasawa, umande ungali kwenye majani, na mguu wangu wa kushoto, mguu mzima usio na kosa lolote, mguu ulionibeba miaka hamsini na miwili bila kulalamika, nikauburuta vumbini mbele ya watu kana kwamba si wangu. Niliona haya kidogo. Halafu nikatazama kulia na kushoto, nikaona karibu watu thelathini nao wanaburuta ya kwao, haya ikaniisha.

Nieleze sheria kwanza, maana bila sheria utatuona wendawazimu. Katika nchi yetu, ambayo haina jina kwa sababu hakuna aliyewahi kutoka nje yake akaulizwa anatoka wapi, iko chemchemi moja tu, nayo iko juu kabisa ya mlima. Imezibwa kwa lango la mbao. Mara moja kwa mwaka tunapanda kutwa nzima kwenda kulifungua, maji yashuke kwenye mfereji mpaka mashambani. Jua likizama lango halijafunguliwa, maji hugeukia upande wa pili wa mlima, na hukaa huko mwaka mzima. Limetokea mara moja, na waliokula mizizi mwaka ule hawapendi kulizungumza. Sheria ya njia ndiyo hii: aliye mzito wa mwendo kuliko wote hutembea mbele, na hakuna ruhusa ya kumpita. Walioitunga walikuwa na huruma. Waliona kwamba wepesi wakitangulia, wazito huachwa wakapotelea kwenye ukungu, wakasema heri wote twende kwa mwendo wa mmoja kuliko mmoja afe kwa mwendo wa wote. Kisha, ili aliye mbele asijione mzigo, wakampa heshima moja ndogo: yeye ndiye afungue lango, na yeye ndiye ataje shamba litakalokunywa kwanza.

Heshima hiyo ndogo ndiyo iliyotuharibu. Nasikia ziko nchi ambako watu hupigania ukubwa kwa kuonyesha nguvu. Sisi tunapigania kwa kuonyesha magoti. Wiki ya kupanda ikikaribia, nchi nzima huanza kukohoa. Mwanamume aliyebeba gunia la viazi juzi mbele ya macho yako, leo anahitaji kushikwa mkono kuvuka kizingiti. Madada hufunga bendeji kwenye vifundo. Na hakuna anayemcheka mwenzake, kwa sababu anayecheka ataulizwa bendeji yake kaitoa wapi. Nimefikiri sana juu ya jambo hili, na bado najiuliza kama mamlaka ndiyo yanayotafuta udhaifu wetu, au ni udhaifu wetu unaotafuta mahali pa kukaa kwa raha.

Mimi nilikuwa na sababu. Kila mtu husema hivyo, lakini niache na mimi niseme. Shamba langu liko mkiani mwa mfereji, mahali ambapo maji hufika yakiwa yamechoka au hayafiki kabisa. Huo ulikuwa mwaka wa tatu hayajafika. Ilibaki migomba kumi na mmoja, iliyopandwa na mama yangu, na mama mwenyewe amelala katikati yake, maana sisi huzika watu wetu penye migomba ili wasikose kivuli na maongezi. Migomba ikifa, sharti uhame. Kuhama maana yake ni kumwacha mama pale peke yake kwenye ardhi tupu. Ndiyo maana nilichechemea. Nilitaka kuwekwa mbele, nifungue lango, nitaje shamba langu, basi.

Aliyekuwa na nguvu ya kuweka watu mbele ni Kiangi, mtunza njia, mtu mrefu mwenye filimbi ya mfupa na moyo wa kuogopa makosa. Njia ile ina kona saba, na kwenye kila kona pana uwanda mdogo. Hapo watu huachiwa watembee kila mtu kwa mwendo wake, na atakayekuwa wa mwisho kumaliza uwanda ndiye anayewekwa mbele mpaka kona inayofuata. Kiangi alitusomea hayo pale chini, akaongeza kama anavyoongeza kila mwaka: "Atakayegundulika amejifanya, hatawekwa mbele tena maisha yake yote." Watu wote wakaitikia kwa kukohoa.

Tukapanda. Nakwambia, hata ukiwa mwongo, mlima ule unafurahisha. Njia inapita juu ya mizizi iliyojipanga kama ngazi ya mtu mvivu, inaingia katikati ya mawe mawili yanayokubana mbavu, halafu inakutupa kwenye mwamba mtupu ambako unapanda kwa mikono na kumtazama aliye mbele kwenye nyayo. Upepo ulinukia majani yaliyopondwa. Mtu mmoja nyuma aligawa viazi vitamu vya kuchemsha, vikapita mkono kwa mkono mpaka kwangu vikiwa bado vya moto. Nilijisikia vizuri sana, na ilinibidi kila baada ya hatua kumi nijikumbushe kuumwa.

Kona ya kwanza aliwekwa mbele Mndeme. Huyu ni jirani yangu ukipenda kuita jirani mtu ambaye shamba lake ni la kwanza kwenye mfereji na langu la mwisho. Ana kizibo kikubwa kuliko vyote, kile kifusi cha udongo na vigogo vya migomba kinachozuia maji yasiingie shambani mpaka zamu ifike, na kila mwaka akikifungua husahau kukifunga. Ni mnene, mcheshi, ana sauti nzuri. Siku ile alikuja na mkongojo mpya uliopigwa msasa.

"Mzee Mndeme, pole na mguu," nikamwambia.

"Nishapoa, jirani. Wewe je?"

"Namshukuru Mungu, sina nafuu."

Akacheka mpaka Kiangi akageuka, ndipo akakumbuka kushika kiuno.

Kona ya pili ilikuwa adhuhuri. Kona ya tatu ilikuwa asubuhi tena. Sisemi uongo, ingawa siku ile nilisema mwingi. Saa za mlima ule hazifuatani kama za bondeni. Zinakaa pembeni ya njia, na mtu hukutana na ile anayoistahili. Tulipokuwa tukitembea, jua lilitembea. Tulipoanza kushindana kuchelewa, nalo likasimama juu ya bega la mlima kutazama nani atashinda. Kwenye uwanda wa nne tulichelewa kwa namna ambayo haijawahi kuonekana. Mndeme aliinama kufunga kamba ya kiatu, na naapa alikuwa amevaa makubazi. Mwanamke mmoja aliinua mguu akausahau hewani. Mimi nilisogea upana wa kidole kimoja, nikapumzika, nikasogea kingine. Kinyonga alitoka upande wa kushoto wa uwanda, akatupita, akageuza jicho moja nyuma, akaendelea na safari zake. Nywele zangu ziliota mpaka shingoni. Nadhani pale tulikaa misimu miwili, au labda ni robo saa.

Ni mtu mmoja tu aliyeuvuka uwanda ule bila kusimama. Bibi Nakunda. Kizee kidogo, mkavu, mkali wa mdomo, mwenye goti lililovimba la kweli, bila bendeji, bila mkongojo mpya, na fimbo ya mti wa mbuni aliyoichukia waziwazi. Alitembea kama anayegombana na ardhi. Hatua moja, tusi moja, hatua nyingine. Tukamwona anatupita mmoja mmoja, taratibu, taratibu mno, sisi sote tuliojifanya wazito, na hakutuamkia.

"Shikamoo, Bibi," nikasema alipofika usawa wangu.

"Marahaba. Umekufa?"

"Hapana, Bibi. Naumwa mguu."

"Mimi pia. Ndiyo maana sisimami. Nikisimama haunyanyuki tena."

Akapita. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila mwaka: mzito wa kweli hakuwahi kuwekwa mbele, kwa sababu hakuna mzito wa kweli anayeweza kushindana kwa uzito na mtu mzima mwenye afya njema. Akivuka uwanda, alipangwa katikati, na wenye afya wakawekwa mbele, na wenye afya wakasimama kila walipotaka kuonekana, na yeye akalazimika kusimama nao, na goti likaganda. Sheria iliyotungwa kwa ajili yake ilikuwa inamuua polepole. Niliyaona hayo yote kwa uwazi kabisa pale kwenye uwanda wa nne. Nikasogea upana wa kidole kingine. Kona ile nikashinda mimi.

Kuwa mbele ni kutamu, nisikufiche. Hakuna nyayo za mtu machoni pako. Njia yote ni yako, mawe yote yanakusubiri wewe, na nyuma yako watu wanapumua kwa adabu. Nilisimama pasipo sababu, wakasimama. Nilikuna sikio, wakangoja nimalize kukuna. Nikaanza kuzungumza na nafsi yangu kama wafanyavyo wakubwa.

Nani anachechemea? Mimi. Mimi nani? Mwenye shamba la mkiani. Mguu unauma? Haukuwa unauma. Sasa je? Sasa unauma kidogo. Upi? Wa kulia. Asubuhi ulikuwa upi? Sikumbuki. Basi ni mguu unaokudanganya au wewe unayeudanganya? Nyamaza, watu wanasikia.

"Jirani," Mndeme akasema nyuma yangu kwa sauti ya chini, "asubuhi ulikuwa wa kushoto."

"Umehamia."

"Mimi wangu huhamia Ijumaa," akasema, na tukacheka kimyakimya, wezi wawili waliokutana kwenye ghala moja. Nilimpenda saa ile. Nilimwogopa pia, kwa sababu alikuwa na neno la kunimaliza na mimi nilikuwa na la kummaliza.

Kona ya tano aliwekwa Mndeme tena. Kona ya sita ndipo Kiangi alipopiga filimbi vibaya, ikatoa sauti ya kuku. Alikuwa ametazama jua. Jua lilikuwa limechoka kutusubiri. Lilishuka bega la mlima kwa haraka ya mtu aliyekumbuka ameacha chungu motoni, likawa jekundu, likagusa kilele cha mlima wa mbali. Na sisi tulikuwa kwenye uwanda wa sita, watu thelathini, tumesimama kama nguzo, kila mmoja anamngoja mwenzake aanze. Kila mmoja alijua. Kila mmoja aliona maji yakigeukia upande wa pili. Na hakuna aliyeinua mguu, maana atakayeinua wa kwanza si mzito. Nilitaka kulia. Niliiona migomba kumi na mmoja imelala chini, na kaburi la mama jeupe juani, na bado sikuinua mguu. Sijawahi kujichukia kama wakati ule.

Bibi Nakunda aliuvuka uwanda. Hatua, tusi. Hatua, tusi. Alipofika upande wa pili hakusimama kungoja kupangwa. Aliingia njiani akaendelea kupanda.

"Kiangi," Mndeme akaita, "huyo hajawekwa mbele."

Kiangi alifikiri, jasho linamtoka. "Ni kweli hajawekwa," akasema. "Lakini yuko mbele. Na hakuna ruhusa ya kumpita."

Tukakimbilia nyuma yake, wote, bendeji zinapepea. Na hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo miguu yangu ililijua kabla yangu. Mwendo wake ulikuwa mdogo kama wa mtoto anayejifunza, lakini haukukatika. Kona ya saba tuliipita bila kuijua, wala Kiangi hakuthubutu kupiga filimbi. Kwa nusu saa moja nyuma ya goti bovu tulipanda kuliko tulivyopanda siku nzima nyuma ya magoti mazima. Mwenda pole hajikwai, watu husema, lakini nadhani walisahau kusema asisimame.

Tukaliona lango. Mbao nyeusi, kubwa, zenye kuvu, na nyuma yake maji yamejaa mpaka ukingoni. Zilibaki hatua kama ishirini za mwamba mtupu. Kiduara cha jua kilikuwa kimebaki kipande cha embe. Na hapo goti la Bibi Nakunda likakataa. Aliketi chini taratibu, akaliangalia kama unavyomwangalia ndugu aliyekutia aibu mbele ya wageni.

"Nilijua," akasema. "Miaka kumi na minne linanifanyia hivi."

Hakuna ruhusa ya kumpita. Tulisimama nyuma yake. Mtu alisema tumpite tu, mwingine akasema ukiivunja sheria ya njia lango halifunguki, Kiangi akasema hajui, akasema tena hajui. Kipande cha embe kikawa kipande cha chungwa.

Mimi nilikuwa wa tatu kutoka mbele. Nilifahamu vizuri sana ninachotaka kufanya na nitakachopoteza. Nikiwa na mguu mbovu, siwezi kumbeba mtu juu ya mwamba ule. Nikimbeba, basi mguu ni mzima, na watu thelathini wataona, na sitawekwa mbele tena mpaka ninaingia kaburini. Shamba langu litabaki kwenye huruma ya kizibo cha Mndeme. Nilijiambia: afadhali maji yashuke yanywewe na wengine kuliko yasishuke. Si kwamba nilikuwa mwema. Nilikuwa nimechoka kuchechemea.

"Bibi, panda mgongoni."

"Mguu wako je?"

"Haukuwahi kuuma hata siku moja."

"Nilijua hilo pia," akasema, akanishika shingo.

Kulitokea ubishi hata hapo, kwetu ubishi haukosekani. Kiangi alitaka kujua aliye mbele sasa ni nani, mwenye miguu au aliyebebwa. Bibi Nakunda akanyoosha fimbo yake mbele ya uso wangu na kumwambia mwenye fimbo ndiye aliye mbele, afunge mdomo. Nikapanda. Nilipanda ule mwamba kwa miguu miwili, kulia, kushoto, kulia, mbele ya macho ya nchi nzima, na sikuwahi kuwa mwepesi vile hata nilipokuwa msichana. Nilikuwa msichana. Kwa hatua tatu au nne nilikuwa msichana kabisa, na aliyekuwa mgongoni ni mama, au mimi ndiye niliyekuwa mgongoni na mama ndiye aliyekuwa akipanda. Sikujali kupambanua. Fimbo iligonga lango, mikono yake ikaondoa kabari, mbao zikalia. Jua likazama na maji yakatoka.

Watu walipiga vigelegele, wakakumbatiana, halafu wakanigeukia. Kiangi alinitazama kwa huzuni ya kweli. "Dada Namsifu," akasema, "sheria unaijua."

"Naijua."

Ndipo Mndeme aliyekuwa ameketi kwenye jiwe akasimama bila kushika kiuno. Aliutazama mkongojo wake mzuri, akautupa kwenye korongo, tukausikia unagonga mawe mpaka chini. "Niandike na mimi," akamwambia Kiangi. Mwanamke wa pembeni akafungua bendeji. Mzee mmoja akavua viatu akamwaga kokoto alizozitia asubuhi ili zimsaidie kuumia. Si wote. Wako wanaochechemea mpaka leo, na mmoja nasikia kweli ameshindwa kuacha.

Bibi Nakunda hakuyaona hayo. Alikuwa amekaa ukingoni, goti ndani ya maji ya baridi, macho amefumba, anatukana kwa furaha.

"Bibi," Kiangi akamwambia kwa heshima, "utaje shamba la kuanzia. La kwako?"

"Mimi sina shamba. Nilikuja kuloweka goti. Miaka kumi na minne nataka kuliloweka hapa maji yangali baridi, nyinyi mnanizibia njia." Akafungua jicho moja. "Huyu aliyenibeba shamba lake liko wapi?"

"Mkiani kabisa," Kiangi akajibu. "Lakini huyu ni mwongo, Bibi."

"Mgongo wake una mifupa inayochoma, lakini ulifika. Yaanzie kwake."

Ili maji yafike mkiani kwanza, vizibo vyote juu ya mfereji sharti vibaki vimefungwa. Mashamba ishirini na tisa yenye kiu yaangalie maji yakipita mlangoni bila kuyaonja. Jambo hilo halikuwa limefanyika tangu mfereji uchimbwe. Nilimtafuta Mndeme kwa macho, yeye mwenye kizibo cha kwanza na kikubwa. Hakuwepo. Alikuwa ameshateremka, na moyo wangu ukateremka naye.

Nilishuka nikiyafuata maji. Bado kulikuwa na mwanga, ule mwanga wa mlimani usiojua kwamba jua limekwenda. Maji yalikuwa yakinipita kwa kasi, hayajui sheria ya kutopita, na mimi nilikuwa nikiteleza juu ya mizizi nikiwaza nitakachokikuta. Nilikuta hiki. Kizibo cha Mndeme kilikuwa kimelegea kwa ukame, udongo unamomonyoka, na mwenyewe amekalia ule ufa kwa unene wake wote, miguu ndani ya mfereji, mikono imeshikilia kingo, ameloa mpaka kifuani. Nyuma yake mahindi yake yalikuwa yamejikunja kwa kiu, yanachakarika. Alikuwa akiyaambia maji, kwa ile sauti yake nzuri, piteni, piteni.

Nikasimama.

"Usisimame hapo, jirani," akasema bila kunitazama. "Kimbia nayo. Ukizidi kunitazama nitabadili nia."

Nikakimbia.